Kuhamisha mpangilio wa wavu kati ya maumbo yanayofanana: tathmini ya zana za Blender

Anayeunda wahusika wa animesheni kwa wingi hufika mahali ambapo kuchonga sura mpya hakumsumbui tena, ila kinachomchosha ni kurudia kazi ileile ya mpangilio kwa kila umbo linalofanana na lililotangulia. Kichwa cha kwanza kimekwisha kupangwa: vipande vyake vya pembe nne vinazunguka macho na midomo inavyotakiwa, mishono, yaani mikato, ya ramani ya UV (uso wa umbo uliotandazwa bapa ili kuonyesha picha ikae wapi) imefichwa kisogoni na nyuma ya masikio, na tekscha, yaani picha inayovalishwa umbo, imekaa mahali pake. Kisha wanahitajika mama, bibi, mjomba na watoto, wote wa ukoo mmoja wa sura, na kila mmoja ana wavu wake, yaani mtandao wa vipande vinavyounda uso wa umbo, ambao haujapangwa. Tathmini hii inahusu jinsi Blender, programu ya kuundia maumbo ya pande tatu, inavyomsaidia mtu wa namna hiyo kuuchukua mpangilio wa umbo moja na kuuweka juu ya mengine. Mambo mengine yote ambayo programu hiyo inayafanya nimeyaacha kando. Toleo nililolitumia ni 4.2, ambalo lilitoka Julai 2024 na ni miongoni mwa yale yanayotunzwa kwa muda mrefu. Majina ya vitufe na menyu nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye skrini, kwa kuwa ndivyo msomaji atakavyoyatafuta.

Hukumu yangu niitoe mapema. Kwa nyavu ambazo ni pacha kwa idadi na kwa mpangilio, Blender inaifanya kazi hii kwa sekunde chache na bila dosari, na sioni sababu ya mtu kununua kitu kingine. Kwa nyavu zinazofanana kwa sura tu, inafaa, lakini kwa masharti ambayo programu yenyewe haiyatangazi, na anayeingia kichwa kichwa atadhani imeharibika.

Blender ni programu huria. Ilianza mwaka 1994 ikiwa zana ya ndani ya NeoGeo, studio ya animesheni ya Uholanzi, mikononi mwa Ton Roosendaal. Kampuni ya Not a Number, iliyokuja kuimiliki baadaye, ilipofungwa mwaka 2002, watumiaji walichangishana euro 100,000 katika muda wa wiki saba, na Oktoba mwaka huohuo msimbo wake ukatolewa kwa umma chini ya leseni ya GNU GPL. Historia hiyo ina uzito katika tathmini hii kwa sababu moja ya kiutendaji: kazi ya kuhamisha mpangilio kwa kawaida hupitia mikono ya watu kadhaa, mmoja akichonga, mwingine akipanga ramani, mwingine akivalisha mifupa. Katika studio ndogo ya Dar es Salaam au Nairobi, kuwalipia wote hao leseni ya kila mwaka ya Maya, programu ya kulipia ya kazi kama hii, ni mzigo. Faili la Blender linafunguka kwa kila mmoja wao, bila akaunti, na hata intaneti ikiwa imekatika.

Kabla ya kugusa kitufe chochote, swali la kujiuliza ni hili: maumbo haya mawili yanafanana kwa namna gani? Programu huuona wavu kuwa ni orodha. Kila kipeo, yaani nukta ambapo kingo hukutana, kina namba yake, na kila kipande hutajwa kwa namba za vipeo vinavyokizunguka. Maumbo mawili ni pacha ikiwa orodha hizo zinalingana kwa idadi na kwa mfuatano, hata kama moja ni kichwa cha mtoto na jingine ni cha mzee mwenye mashavu yaliyobonyea. Kinyume chake, vichwa viwili vinavyofanana mbele ya macho kama shilingi kwa ya pili vinaweza kuwa wageni kabisa mbele ya kompyuta, ikiwa kimoja kilitoka kwenye skana na kingine kilijengwa kwa mkono.

Idadi inaonekana kwa urahisi: ukiwasha Statistics kwenye menyu ya Overlays, pembeni mwa skrini hutokea hesabu ya vipeo, kingo na vipande. Tatizo ni kwamba idadi kulingana hakuthibitishi kuwa mfuatano umelingana. Kipimo ninachokiamini zaidi kimejificha mahali ambapo wengi hawapatafuti. Chagua umbo la pili, kisha la kwanza, nenda kwenye sehemu ya Shape Keys, fungua mshale mdogo wa pembeni na ubonyeze Join as Shapes. Idadi ya vipeo ikitofautiana, programu itakataa. Ikilingana, utapata kitelezi. Kisogeze polepole kuelekea 1 ukitazama. Mfuatano ukiwa sahihi, kichwa cha kwanza kitageuka taratibu kuwa cha pili, pua ikitanuka na kidevu kikishuka kwa utulivu. Ukiwa si sahihi, vipeo vya sikio vitakimbilia shingoni, vya paji la uso vitapenya hadi kisogoni, na kichwa kizima kitakuwa fungu la miiba. Hakuna namna ya kulikosea jibu hilo.

Inafaa kujua pia ni shughuli zipi huvunja upacha. Kuchonga kwa brashi za kawaida, kama ile ya Grab, husogeza vipeo bila kubadili namba zake, kwa hiyo mtu anaweza kumchonga bibi kutokana na mama kwa muda wowote anaotaka na nyavu zikabaki pacha. Dyntopo na Remesh huuvunja upacha papo hapo, kwa kuwa hujenga wavu mpya. Merge by Distance huweza kuuvunja kimyakimya, kwa kufuta vipeo vichache ambavyo mtumiaji hakuviona. Ushauri wa kawaida wa kuhifadhi nakala ya umbo la msingi kabla ya kuanza kuchonga una maana zaidi hapa kuliko mahali pengine popote, maana nakala hiyo ndiyo itakayoamua iwapo kazi ya baadaye itachukua dakika moja au mchana mzima.

Nyavu zikiwa pacha, chombo ni Copy UV Maps, kinachopatikana katika menyu ya Object chini ya Link/Transfer Data, au kwa kubonyeza Ctrl na L kwa pamoja. Unachagua kwanza maumbo yote yatakayopokea, yawe mawili au ishirini, kisha unamalizia kwa kulichagua lile lenye ramani nzuri, kwa kuwa programu huchukua kutoka kwa lililochaguliwa mwisho na kuyagawia mengine. Hakuna mipangilio, hakuna kusubiri. Ramani inahamia ikiwa kamili, mishono ikiwa mahali pake hasa, na tekscha ya mama inakaa usoni mwa mtoto kana kwamba ilichorwa kwa ajili yake. Kwa mtu aliyewahi kupanga ramani ya kichwa kwa mkono, akivuta kisiwa kimoja cha ramani, yaani sehemu iliyotengwa na mishono, baada ya kingine hadi kope zikae sawa, jambo hilo linatosha kumfanya aisamehe Blender mengi.

Lawama yangu kwa chombo hiki ni moja. Ukaguzi wake unaishia kwenye hesabu. Maumbo yakiwa na idadi sawa lakini mfuatano tofauti, yeye huhamisha tu, na matokeo yake ni ramani iliyochanikachanika bila onyo lolote. Programu yenye uwezo wa kutambua kuwa umbo linavuka mipaka mingine mingi ingeweza walau kumwonya mtumiaji kwamba vipande jirani upande mmoja si jirani upande wa pili.

Nyavu zisipokuwa pacha, kazi huhamia kwa modifaya (kifaa kinacholibadili umbo bila kuugusa wavu wake wa asili hadi kithibitishwe) ya Data Transfer, na hapo ndipo tathmini hii inapopata uzito wake. Modifaya hii iliongezwa katika toleo la 2.74 mwaka 2015, na bado inabeba sura ya enzi zake: paneli ndefu, visanduku vingi vya kuweka alama, na istilahi zinazodhani kuwa msomaji tayari anajua jinsi data zinavyohifadhiwa ndani. Unaiweka kwenye umbo lengwa, unalitaja umbo chanzo, kisha unachagua aina ya data: za vipeo, za kingo, za pembe za vipande, au za vipande vyenyewe. Ramani ya UV imo katika kundi la pembe za vipande, na mgeni atazunguka sana akiitafuta kwenye vipeo. Sababu yake ni ya msingi. Kipeo kilicho juu ya mshono kina nafasi mbili kwenye ramani, moja kwa kila upande wa mkato, kwa hiyo nafasi hizo haziwezi kuandikwa kwa jina la kipeo. Huandikwa kwa jina la pembe ya kila kipande kinachokigusa.

Unapoweka alama kwenye UVs, hakuna kinachotokea. Hili ndilo jambo linalowakatisha tamaa wengi, na kwa haki yao. Modifaya haiwezi kuunda tabaka la data ambalo umbo lengwa halina. Ni lazima ubonyeze Generate Data Layers, kitufe kilichoandikwa kwa namna inayoweza kudhaniwa kuwa ni cha hiari. Zaidi ya hapo, tabaka hulinganishwa kwa majina. Ikiwa ramani ya chanzo inaitwa UVMap na ya lengwa ilikuja kutoka programu nyingine ikiwa na jina tofauti, kitufe hicho kitaunda ramani ya pili, data zitaingia humo, na skrini itaendelea kuonyesha ile ya zamani. Mtumiaji anaona tekscha haijabadilika, anafuta modifaya, anaanza upya, na anapata jibu lilelile. Dawa ni kuyalinganisha majina kabla ya kuanza, au kwenda kwenye orodha ya UV Maps na kuiteua ramani mpya kuwa ndiyo inayotumika.

Sharti la pili ni mahali maumbo yalipo. Katika njia zote isipokuwa ile inayoitwa Topology, modifaya hutafuta kilicho karibu katika nafasi ya pande tatu, kwa hiyo maumbo lazima yakae moja ndani ya jingine, pua juu ya pua. Kitufe kidogo kilicho pembeni mwa jina la chanzo huamua iwapo programu izingatie mahali vitu vilipo kwenye jukwaa au ivitazame kana kwamba vyote viko kwenye kitovu chake. Mtu aliyepanga wahusika wake kwa mstari ili awaone vizuri anaweza kukizima na akafaulu, mradi ukubwa na mzunguko wa kila umbo uwe umethibitishwa kwanza kwa Ctrl na A. Asipofanya hivyo, kichwa cha mtoto kilichopunguzwa hadi nusu kitasomwa kwa ukubwa wake wa awali.

Njia za kulinganisha ni kadhaa, na jina la kila moja linaeleza kiasi tu cha kinachotendeka. Nearest Face Interpolated humtafutia kila mpokeaji sehemu ya karibu zaidi kwenye chanzo na kusoma thamani iliyopo hapo. Projected Face Interpolated hurusha mstari kwa kufuata mwelekeo wa uso hadi ukigonge chanzo. Kwa vitu vigumu vyenye kingo kali, kama fremu ya mlango au kabati, ya pili hufanya vizuri, kwa sababu haichanganyi ubao wa mbele na wa ubavuni unapokaribia pembe. Kwa mwili wa binadamu naiamini ya kwanza, isipokuwa katikati ya vidole na kwapani, ambako kilicho karibu mara nyingi si kile kinachostahili.

Mfano ulionifundisha zaidi tabia ya chombo hiki ni kanga. Tekscha ya kanga ni kipimo kikali kuliko mraba wa majaribio unaokuja na programu, kwa sababu ina pindo linalotakiwa kwenda sambamba na ukingo wa kitambaa, ina mji ulio katikati, na ina jina, mstari mmoja wa maandishi ambao jicho la yeyote aliyekulia penye kanga hulisoma kabla halijaona rangi. Ua la katikati likivutika kidogo, hakuna atakayejali. Herufi zikiinama, kila mtu anaona. Kanga ya mama ilikuwa imepangwa vizuri. Ya bibi ilikuwa imefungwa kwa namna nyingine kidogo na wavu wake ulikuwa umejengwa upya kwa vipande vidogo zaidi, hivyo upacha haukuwepo. Baada ya kuhamisha, mji ulikaa vizuri kabisa na pindo la chini lilienda sawa. Lakini mahali ambapo kanga hujifunika yenyewe kiunoni, ncha moja juu ya nyingine, tabaka la ndani lilikuwa limechukua ramani ya tabaka la nje. Jina lilianza vizuri, likafika kwenye ufunikaji, likaruka maneno mawili, kisha likaendelea upande wa pili.

Modifaya haikukosea kwa kadiri ya maagizo iliyopewa: sehemu ya karibu zaidi ilikuwa kweli ni tabaka la nje. Kuna kisanduku cha kuweka umbali wa juu kabisa, Max Distance, na husaidia pale tabaka zikiwa na nafasi kati yake, ila kitambaa kilichobanana hakina nafasi hiyo. Suluhisho la uhakika ni kuhamisha ramani kabla kitambaa hakijafungwa, kanga zote mbili zikiwa zimetandazwa bapa, kisha ndipo ya bibi ifungwe. Ikiwa kanga zote zitatokana na kitambaa kimoja bapa na kuangushwa mwilini kwa hesabu za Cloth, zinazoiga mwendo wa kitambaa, hazitapoteza mfuatano wake, na hapo tunarudi kwa Copy UV Maps bila kuhitaji modifaya hata kidogo.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye mishono, nao unastahili kutazamwa kwa karibu. Chukua kichwa ambacho mshono wake unashuka katikati ya kisogo. Kwenye chanzo, mshono huo unafuata kingo za wavu. Kwenye lengwa, ambalo vipande vyake vimepangwa kivingine, mstari huohuo unapita katikati ya vipande. Kipande kilichokaa juu ya mstari kinapata pembe mbili kutoka ukingo wa kushoto wa ramani na mbili kutoka ukingo wa kulia, na kila kilicho kati ya kingo hizo, yaani nywele, sikio, shavu, pua, shavu la pili na sikio la pili, kinabanwa ndani ya kipande hicho kimoja. Kwenye skrini huonekana mchirizi mwembamba unaoshuka kisogoni, na ukiukuza unaiona sura nzima ikiwa imekandamizwa humo. Kuna thamani iitwayo Islands Precision inayokusudiwa kuzuia pembe za kipande kimoja zisitawanyike kwenye visiwa tofauti vya ramani, na pale sikio lilipokatwa kuwa kisiwa chake, inafanya kazi yake. Kisogoni haisaidii, kwa kuwa pande zote mbili za mshono ni za kisiwa kilekile.

Kinachosaidia ni kuhakikisha kwamba lengwa lina mstari wa kingo mahali mshono unapopita. Hilo hufanywa kwa kisu cha kukatia wavu au kwa kusogeza kingo zilizopo, na kwa kichwa kimoja si kazi kubwa. Njia nyingine, ambayo mimi huipendelea kwa vitu vyenye mishono mingi, ni kuacha kuhamisha ramani na kuhamisha alama za mishono zenyewe, ambazo ziko kwenye data za kingo kwa jina la UV Seam, kisha kuifungua ramani upya kwa Unwrap. Ramani haitalingana na ya chanzo kwa kila nukta, kwa hiyo tekscha iliyokwisha kuchorwa haitafaa, ila mpangilio wa visiwa utafanana, na kwa mtu ambaye bado hajachora, hiyo inatosha.

Nitakuwa nimeionea modifaya hii nikiitathmini kwa ramani peke yake. Kuna kazi inayoifanya kwa ubora ambao ningelipia kwa furaha: kuhamisha makundi ya vipeo, yaani uzani unaoamua ni mfupa upi unavuta sehemu ipi ya mwili. Shati lililokaa juu ya mwili wa mhusika linapokea uzani wa mwili huo kwa njia ya Nearest Face Interpolated, na kwa mara ya kwanza tu mkono ukikunjwa, kikwapa cha shati kinafuata bila kutoboka. Uzani hauna mishono, hubadilika taratibu kutoka kipeo hadi kipeo, na kwa sababu hiyo tatizo lote la aya zilizotangulia halipo.

Hadi hapa nimezungumzia kuhamisha data kutoka wavu hadi wavu. Kuna haja ya pili, ngumu zaidi: kuuchukua wavu wenyewe, na mpangilio wake mzuri wa vipande, na kuuvalisha juu ya umbo jingine lenye wavu mchafu, kwa mfano kichwa kilichotoka kwenye skana kikiwa na maelfu ya pembetatu zisizo na mpango. Ukifaulu, unapata pacha mpya, na ramani, uzani na kila kitu vinakuja navyo bila kuhamishwa. Blender inatoa Shrinkwrap, modifaya inayouvuta wavu hadi ushikamane na uso wa umbo jingine. Kati ya njia zake, Target Normal Project, iliyokuja na toleo la 2.80 mwaka 2019, ndiyo inayotoa uso laini zaidi. Nearest Surface Point hukunja wavu kila inapokutana na bonde. Paji la uso, mashavu, fuvu na shingo huvalishwa vizuri kwa namna ya kuridhisha.

Masikio, kope na midomo ni hadithi nyingine. Shrinkwrap haijui kuwa kipeo hiki ni cha mdomo wa juu. Inajua umbali tu. Ikiwa mdomo wa skana uko chini kidogo kuliko wa wavu wako, mdomo wako wa chini utashikwa na mdomo wa juu wa skana, na ule wa juu utapanda hadi chini ya pua. Nyuma ya sikio vipeo hugandamana na fuvu. Hakuna mpangilio ndani ya modifaya hiyo unaoweza kuisahihisha hali hii. Kinachofanyika ni kuusogeza wavu kwa brashi ya Grab hadi midomo na kope ziwe karibu na mahali pake kabla ya kuiwasha modifaya, kuyatoa masikio kwa kutumia kundi la vipeo, na kuyakamilisha kwa mkono. Inawezekana, na matokeo yake ni mazuri, lakini inahitaji jicho la mchongaji na subira ya mshonaji.

Hapa ndipo programu za kulipia zina hoja. Wrap ya Faceform, kampuni iliyokuwa ikiitwa R3DS, imejengwa kwa kazi hii: mtumiaji huweka nukta zinazolingana juu ya maumbo yote mawili, pembe ya jicho kwa pembe ya jicho, ncha ya mdomo kwa ncha ya mdomo, na programu huukunja wavu kwa kuziheshimu nukta hizo. Studio inayopokea skana nyingi za nyuso itafidia gharama yake haraka. Anayefanya vichwa vichache kwa mradi mmoja ataipata nafuu hiyo kwa Grab na uvumilivu.

Blender ina njia nyingine ambayo watumiaji wengi hawajaigusa. Kuanzia toleo la 3.4 la mwaka 2022, Geometry Nodes, mfumo wa kujenga umbo kwa kuunganisha visanduku vya hatua viitwavyo nodi, zina nodi ya Sample UV Surface. Ikiwa maumbo mawili yana nyavu tofauti lakini ramani zao za UV zimepangwa kwa namna moja, jicho la kushoto likiwa mahali palepale kwenye ramani zote mbili, nodi hiyo inaweza kukitafutia kila kipeo cha wavu mzuri mahali pake kwenye umbo jingine kwa kupitia ramani, bila kuutazama umbali hata kidogo. Mdomo wa juu unaenda kwa mdomo wa juu, kwa kuwa ramani inasema hivyo. Unaunganisha nafasi za chanzo, ramani ya chanzo na ramani ya lengwa, kisha matokeo unayapeleka kwenye Set Position. Nodi hutoa pia jibu la Is Valid, linaloonyesha vipeo vilivyoangukia nje ya ramani, na ni busara kulitumia ili vipeo hivyo visirukie kwenye kitovu cha jukwaa. Maya ina kitu cha kufanana nacho ndani ya Transfer Attributes, ambako mtumiaji huchagua tu UV kuwa ndiyo nafasi ya kulinganishia. Kwa urahisi wa kutumia, Maya inashinda hapa waziwazi. Inashangaza kwamba modifaya ya Data Transfer haijapewa chaguo hilo hadi leo.

Kuhusu mashine, shughuli zote nilizozieleza huenda vizuri kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani, na hata kwenye laptopu ya wastani, mradi skana ipunguzwe kwanza kwa Decimate. Data Transfer ikiachwa hai juu ya umbo zito huhesabiwa upya kila chanzo au lengwa linapoguswa, na uzito huo husikika. Mwongozo rasmi hupatikana pia kama faili la kupakua, jambo la manufaa kwa anayenunua bando kwa siku. Sehemu yake inayohusu Data Transfer ni sahihi, ila ni fupi mno kwa chombo chenye mitego kiasi hiki.

Mwisho kuna suala la kuikabidhi kazi. Ramani na uzani vilivyoletwa na modifaya havijawa mali ya wavu hadi modifaya ithibitishwe kwa Apply. Faili likitumwa kwenye injini ya mchezo kwa muundo wa glTF bila kuthibitisha, na bila kuweka alama kwenye Apply Modifiers katika dirisha la kutolea, mhusika atafika upande wa pili akiwa na ramani yake ya zamani au hana kabisa. Umbo likiwa na Shape Keys za kusogeza midomo na kope, Apply ya kawaida huikubali Data Transfer, ila huikataa Shrinkwrap; kwa hiyo anayekusudia kuwapa wahusika wake mienendo ya uso anapaswa kuuvalisha wavu na kuithibitisha Shrinkwrap kabla ya kuanza kuijenga mienendo hiyo.